Kisanduku cha Faili Kikizima: Okoa Rekodi Zako Bila Kupoteza na Pesa

Pesa zako za simu hazikai ndani ya simu. Simu ikiibiwa kwenye matatu au ikitumbukia kwenye karai la maji, salio lako liko palepale. Unapata laini mpya, unathibitisha kwamba wewe ni wewe, na shilingi zako zinakungoja. Wateja wetu wamelizoea jambo hili hata hawaliwazi tena.

Rekodi za pesa hizo ni jambo jingine kabisa. Daftari la wanaokudai na unaowadai, mihutasari ya chama, risiti ulizopiga picha, nakala za vitambulisho, mkataba wa ploti, picha za harusi na za mazishi: hivyo vyote viko pale ulipoviweka wewe. Na siku hizi nyumba nyingi na biashara ndogo zinaviweka kwenye kisanduku kidogo kinachokaa kando ya rauta ya Wi-Fi, kinawaka taa mbili tatu za kijani, na hakuna anayekiangalia mpaka siku kinapozima.

Madukani kisanduku hicho kinaitwa NAS. Ndani yake mna diski moja, mbili au nne, pamoja na kompyuta ndogo ya kuziendesha. Kila mtu wa nyumba, kwa simu au laptopu, anaingia kupitia Wi-Fi na kukuta folda zilezile. Synology, QNAP na Western Digital ni baadhi ya kampuni zinazovitengeneza. Ni vifaa vizuri. Lakini ni vifaa, na kila kifaa kina siku yake.

Tunataka ujue jambo moja kabla siku hiyo haijafika. Kisanduku kikizima, mara nyingi data bado iko salama kwenye diski. Kinachoimaliza ni yale tunayoyafanya kwa haraka baada ya hapo. Na pale ambapo mtu ana haraka na hofu, ndipo pia anapotuma pesa bila kuuliza maswali.

Saa ya kwanza: usiguseguse

Jambo la kwanza ni kukizima kisanduku na kukiacha kimezimika. Usikiwashe na kukizima mara kumi ukitumaini kwamba safari hii kitaamka.

Sababu yake ni hii. Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea karibu mno na sahani bila kuigusa. Kichwa hicho kikiharibika, kila unapowasha umeme kinaweza kuikwaruza sahani, na palipokwaruzwa hakuna programu wala fundi wa kuparudisha. Ukisikia mlio wa "tiki, tiki, tiki" unaojirudia, au sauti ya kusaga, chomoa waya wa stima. Hapo majaribio ya nyumbani yamekwisha.

Pili, usibonyeze kitufe cha kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Kuna visanduku ambavyo kitufe hicho hubadilisha nywila tu. Kuna vingine ambavyo hufuta kila kitu. Siku ya msiba si siku ya kujifunza chako ni cha aina gani.

Tatu, ukiichomoa diski na kuiunganisha na kompyuta ya Windows, huenda kompyuta ikakuambia kwamba haiielewi, kisha ikakuuliza kama ungependa kuifomati. Jibu ni hapana. Visanduku vingi vya aina hii hutumia mfumo wa Linux, na Windows haisomi mpangilio wake bila programu ya ziada. Kutosomeka huko hakumaanishi kwamba diski ni tupu. Ukikubali ifomatiwe, unaanza kuandika juu ya kile unachokitafuta.

Nne, usiifungue diski kwa bisibisi, na usiiweke kwenye friza. Ushauri wa friza umezunguka miaka mingi, lakini baridi huleta umande, na umande juu ya sahani ni sumu. Vumbi nalo ni hivyohivyo. Diski ikihitaji kufunguliwa, hufunguliwa katika chumba maalumu chenye hewa iliyochujwa.

Unachoweza kufanya saa hiyo ni kuandika. Taa gani ilikuwa inawaka, na rangi gani? Stima ilipotea kabla ya hapo? Kuna mtu aliyebadilisha rauta? Faili zilianza kufunguka polepole tangu wiki iliyopita? Piga picha kisanduku mbele na nyuma kwa simu. Maelezo hayo yatamwokolea fundi muda, nao muda wa fundi unaulipia wewe.

Jua kwanza ni nini kilichokufa

Watu husema "NAS imekufa" kama vile ni kitu kimoja. Ni vitu vinne au vitano, na baadhi yake ni vya bei ndogo.

Anza na adapta. Visanduku vingi vidogo hutumia adapta ya nje ya volti 12, na umeme wetu wa kupotea na kurudi huichosha. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Kila umeme unaporudi kwa kishindo, adapta ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupigwa. Ukijaribu nyingine, hakikisha volti ni zilezile, plagi inalingana na mpangilio wa chanya na hasi ni uleule, na ampea si pungufu ya zile zilizoandikwa kwenye adapta ya zamani. Usiazime tu ya rauta kwa sababu plagi inaingia.

Angalia mtandao pia. Kama ulihama kampuni ya intaneti na fundi wao akakuwekea rauta mpya, kisanduku kinaweza kuwa kizima kabisa, ila anwani yake kwenye mtandao wa nyumba imebadilika. Simu inakitafuta pale kilipokuwa, haikioni. Kagua waya unaoenda kwenye rauta, kisha ingia kwenye ukurasa wa rauta uone orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kuna watu wanaobeba kisanduku mpaka mjini ilhali tatizo ni waya uliolegea.

Huenda pia iliyokufa ni kompyuta ndogo ya ndani, huku diski zikiwa salama. Hii ndiyo hali yenye matumaini zaidi. Kabla ya kuchomoa diski, zipe namba kwa kalamu ya wino mzito: 1, 2, 3, 4, kulingana na nafasi zake. Mpangilio huo una maana. Kisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuzihamishia kwenye kisanduku kingine cha kampuni ileile kinachokubali uhamisho huo, baada ya kusoma maelekezo ya kampuni. Ya pili ni kuziunganisha na kompyuta yenye Linux na kuzifungua kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika. Synology, kwa mfano, imechapisha maelekezo ya kufanya hivyo kwa kutumia Ubuntu, ambayo ni Linux ya bure. Fundi anayeifahamu Linux hatashangaa ukimwambia hivyo. Akishangaa, tafuta mwingine.

Huenda diski yenyewe ndiyo inayokata roho: haina mlio mbaya, lakini inasoma kwa shida, faili zinafunguka nusu, na kisanduku kinatoa onyo. Hapo ndipo hatua inayofuata inapokuwa na uzito.

Au kifaa kizima ni salama, ila faili zimefutwa au zimefungwa na mtu. Tutalifikia hilo.

Nakala kwanza, uokoaji baadaye

Fundi mzuri haanzi kwa kutafuta faili zako. Anaanza kwa kuinakili diski yote, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi. Baada ya hapo, ile ya asili inawekwa kando, na kazi yote inafanyiwa kwenye nakala. Akikosea, anarudia. Akikosea kwenye ile ya asili, hakuna pa kurudia.

Programu inayojulikana kwa kazi hii ni ddrescue, na ni ya bure. Uzuri wake ni kwamba haing'ang'anii palipoharibika. Huchota kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, huruka zile mbovu, huandika kwenye faili ya kumbukumbu ni wapi iliruka, kisha hurudi kujaribu zilizobaki. Stima ikipotea katikati, inaendelea ilipoachia. Diski dhaifu inahitaji utaratibu wa namna hiyo, kwa sababu hujui imebakiza saa ngapi za uhai.

Usitarajie kazi ya nusu saa. Diski nzima ya terabaiti 4, ikisomwa kwa megabaiti 120 kila sekunde, inachukua zaidi ya saa 9. Diski mgonjwa inaweza kuchukua siku kadhaa. Ukiambiwa "rudi baada ya saa moja ukiwa na pesa," kuna kitu hakijafanywa.

Nakala ikipatikana, ndipo zinapokuja programu za kutafuta. TestDisk hurekebisha mpangilio wa diski uliovurugika. PhotoRec hutafuta picha na hati kwa kutambua umbo la faili, hata kama orodha ya majina imeharibika. Itakurudishia vitu vingi, lakini bila majina yake ya zamani wala folda zake. Utapata picha 8,000 zenye majina ya namba na kazi ya kuzipanga. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni afadhali mara mia kuliko kukosa. Chochote kinachookolewa kiandikwe kwenye diski tofauti, kamwe si kwenye ileile inayookolewa.

Diski mbili si nakala mbili

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo tuliseme waziwazi.

Visanduku vingi vya nyumbani vina diski mbili zinazofanya kazi kama mtu na kioo chake. Kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza kinaandikwa kwenye ya pili papo hapo. Mpangilio huu ni aina mojawapo ya ule unaoitwa RAID. Diski moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi, nawe unanunua mpya na kuipachika. Ni mpangilio mzuri, na unastahili kuwa nao.

Ila kioo huonyesha kila kitu, hata kosa. Mtoto akifuta folda ya picha, imefutika kote kuwili. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba diski zote mbili. Umeme ukija na kishindo, unapita kwenye waya mmoja hadi kwa zote. Diski mbili ndani ya kisanduku kimoja zinakulinda na tatizo moja tu, nalo ni diski moja kufa kifo cha kawaida.

Hata katika kifo hicho cha kawaida kuna mtego. Diski zako pengine zilinunuliwa siku moja, kutoka katoni moja, na zimefanya kazi sawa kwa miaka ileile. Moja ikichoka, ya pili haiko mbali. Ukipachika mpya, kisanduku kitaanza kuisoma ile iliyobaki mwanzo hadi mwisho ili kuijaza mpya, na kazi hiyo nzito ndiyo inayoweza kuimaliza. Kwa hiyo, kabla ya kupachika diski mpya, nakili kwanza vitu vyako muhimu kutoka kwenye ile iliyobaki hai. Na unapochomoa mbovu, soma namba yake ya usajili mara mbili. Kuna watu waliochomoa nzima wakaacha mbovu.

Adui anayeingia kupitia intaneti

Si kila kisanduku hufa kwa uzee. Mwezi wa Juni 2021, wenye vifaa vya My Book Live vya Western Digital katika nchi mbalimbali waliamka wakakuta folda zao tupu. Vifaa vyao vilikuwa vimeunganishwa na intaneti, vikapokea amri kutoka mbali ya kurudi katika hali ya kiwandani. Vilikuwa vifaa vya zamani, ambavyo mara ya mwisho kupata masasisho ya usalama ilikuwa 2015. Kampuni iliwashauri wenye navyo wavichomoe kwenye intaneti, na baadaye ikawapa waathiriwa huduma ya kuokoa data.

Miezi miwili kabla ya hapo, Aprili 2021, wahalifu waliingia kwenye visanduku vya QNAP, wakazifungia faili za watu ndani ya vifurushi vyenye nywila, wakadai bitcoin 0.01 ili kuzifungua. Shambulio hilo lilijulikana kama Qlocker. Lakini faili za asili zilikuwa zimefutwa tu, na faili iliyofutwa huendelea kukaa kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. QNAP ilitoa zana iitwayo QRescue, iliyojengwa juu ya PhotoRec tuliyoitaja, na kwa zana hiyo baadhi ya waathiriwa waliweza kurudishiwa faili. Waliokuwa wameendelea kukitumia kisanduku kama kawaida walikuwa na nafasi ndogo zaidi. Januari 2022 lilifuata shambulio jingine, Deadbolt, lililodai bitcoin 0.03.

Kuna mafunzo mawili hapa. Ukikuta faili zimefutwa au zimefungwa, chomoa waya wa mtandao na uache kuandika chochote. Na kama huna haja ya kukifikia kisanduku ukiwa mbali na nyumbani, funga njia hiyo kwenye mipangilio, kisha sasisha programu yake. Kifaa ambacho kampuni imeacha kukitolea masasisho kisiwe na mlango wa kutoka nje ya nyumba.

Kuhusu kulipa wahalifu: ukishatuma sarafu ya kidijitali, hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga ukaomba muamala urudishwe. Unatuma ukiwa na ahadi ya mwizi tu mkononi.

Rekodi za malipo: zipi zinarudi, zipi hazirudi

Kabla hujalipa mtu yeyote kuokoa kila kitu, kaa chini na kalamu. Gawa karatasi mara mbili. Upande mmoja andika vinavyoweza kupatikana kwingine, upande wa pili visivyopatikana popote.

Taarifa za miamala yako ziko kwetu. Unaweza kuziomba upya kupitia programu yetu au kwa huduma kwa wateja, na utatumiwa zikiwa zimefungwa kwa nywila. Taarifa za benki ziko benki. Marejesho ya kodi uliyowasilisha na malipo uliyofanya yako kwenye akaunti yako ya iTax. Viambatisho ulivyotuma kwa barua pepe bado vimo kwenye sanduku la zilizotumwa. Mihutasari ya chama huenda imo kwenye simu ya katibu, na picha za harusi ziko kwa mpigapicha au kwa shangazi kwenye WhatsApp. Uliza. Watu huwa na vitu vyako bila wewe kujua.

Upande wa pili ndio wenye uzito. Taarifa yetu itakuonyesha kwamba Alhamisi ulipokea shilingi 3,500, kutoka kwa nani na kwa namba gani ya muamala. Haitakuonyesha kwamba zilikuwa za magunia mawili ya makaa na kwamba moja bado hujalipeleka. Daftari la deni, orodha ya bidhaa, bei ulizonunulia na sauti ya marehemu mama akiongea kwenye video havina nakala kwetu wala benki. Hivyo ndivyo vya kumwonyesha fundi: "Nataka folda hii na hii kwanza." Kazi inakuwa fupi, na bei pia inaweza kushuka.

Kama unafanya biashara, kumbuka pia kwamba Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inakutaka utunze kumbukumbu zako kwa miaka 5. Ofisa wa kodi akikuuliza, "diski ilikufa" ni maelezo tu, si rekodi. Anza mara moja kukusanya taarifa zinazoweza kupatikana upya, mwezi baada ya mwezi, ungali unakumbuka pengo liko wapi. Usifute jumbe za malipo zilizo kwenye simu yako mpaka kazi hiyo iishe.

Ukimpelekea fundi: linda data, linda pesa

Diski unayompa fundi si chuma tu. Ina vitambulisho vyako, tarehe yako ya kuzaliwa, namba za simu za familia, labda na saini yako. Mtu mwenye hivyo vyote ana mtaji wa kujifanya wewe mbele ya mhudumu na kuomba laini yako ya simu ihamishiwe kwake. Kwa hiyo fanya haya kabla ya kuikabidhi:

- Kama uliwahi kuandika PIN au nywila kwenye faili yoyote mle ndani, zibadilishe zote leo, kabla diski haijatoka nyumbani. Na safari hii usiziandike.
- Badilisha nywila ya barua pepe, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa akaunti nyingine.
- Pata hati ya makabidhiano yenye jina la duka, namba ya usajili ya diski, tarehe, na kazi mliyokubaliana. Namba hiyo iko kwenye kibandiko cha diski, ipige picha.
- Andikeni kwamba nakala iliyobaki kwa fundi itafutwa baada ya wewe kuthibitisha umepata faili zako.

Kama mna taarifa za wateja au wanachama ndani yake, jukumu ni kubwa zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Zikiangukia mikononi mwa asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ulipojua.

Sasa pesa. Muulize fundi maswali matatu kabla ya kutoa shilingi: Utainakili diski kwanza? Ada ya uchunguzi ni kiasi gani, na inakatwa kwenye bei ya mwisho? Faili zisipopatikana, nalipa nini? Kuna maabara zinazofanya kazi kwa masharti kwamba bila data hakuna malipo, isipokuwa labda ada ya uchunguzi. Hakuna fundi mwaminifu atakayekuhakikishia asilimia mia kabla hajaiona diski.

Lipa kwa namba ya till au paybill ya duka, si kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Jina likitokea kwenye skrini, lisome kabla hujaweka PIN. Kama ni duka la Luthuli Avenue na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, ghairi, uliza. Usilipe yote mapema. Lipa uchunguzi, kisha salio baada ya kuonyeshwa orodha ya faili na kufungua baadhi yake mwenyewe: picha tano, hati tano, video mbili. Jina la faili likionekana si ushahidi kwamba faili ni nzima. Tunza ujumbe wa malipo na uandike namba ya muamala kwenye hati ya makabidhiano.

Kuna jingine la kuangalia. Ukiandika mtandaoni kwamba diski yako imekufa, utashangaa jinsi "wataalamu" watakavyojaa kwenye simu yako. Kuna atakayetaka kuingia kwenye kompyuta yako kutoka mbali. Kuna atakayekuomba umsomee namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yako "ili kuthibitisha malipo." Kuokoa diski hakuhitaji PIN yako wala namba hizo. Na sisi hatutakupigia kukuomba PIN, iwe diski imekufa au iko hai.

Jambo la mwisho kabla ya kukubali bei: kama kisanduku kilikuwa kimewekwa usimbaji, yaani faili zimefungwa kwa ufunguo wa siri, utafute ufunguo huo kwanza. Bila huo, hata diski ikinakiliwa yote bila doa, kilichomo hakitasomeka. Mwambie fundi mapema asije akakulipisha kazi ambayo haina mwisho.

Ukishaokoa, panga upya

Wapigapicha na watu wa kompyuta wana kanuni fupi: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa familia au duka, hiyo inaweza kuwa hivi. Ya kwanza ni kisanduku chenyewe. Ya pili ni diski ya nje unayoichomeka Jumamosi moja kila mwezi, unanakili, kisha unaichomoa na kuifungia kabatini. Kuichomoa ni muhimu, kwa sababu kishindo cha umeme na mhalifu wa mtandaoni havifiki kwenye waya ambao haupo. Ya tatu ni hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive, au diski nyingine inayokaa kwa ndugu unayemwamini, ikiwa imefungwa kwa nywila.

Si lazima kila kitu kipate nakala tatu. Filamu ulizoshusha zitashushwa tena. Anza na ile orodha ya vitu visivyopatikana popote. Mara nyingi vinatosha kwenye flashi moja ndogo, ingawa flashi peke yake isiwe tegemeo lako. Ongeza kifaa kidogo cha kushikilia umeme, ile UPS, ili stima ikipotea kisanduku kipate dakika chache za kujizima chenyewe kwa utaratibu. Washa pia arifa za kisanduku zije kwenye barua pepe unayoisoma. Vingi huonya diski inapoanza kuchoka, ila huonya kwenye ukurasa ambao hakuna anayeufungua.

Na nakala ambayo hujawahi kuifungua usiitegemee. Mara moja kila miezi mitatu, chukua ile diski ya kabatini, ifungue kwenye kompyuta tofauti, na ufungue faili tano bila kuchagua. Zikifunguka, una nakala. Zisipofunguka, umegundua mapema, wakati ya asili bado iko hai na kosa bado ni la bei nafuu.

Leo jioni, kabla ya kulala, chagua folda moja tu: ile ambayo ukiipoteza utalia. Inakili mahali pa pili. Kisha pakua taarifa yako ya miamala ya miezi kumi na miwili iliyopita uiweke hapohapo. Ni kazi ya muda mfupi, na kwa wengi haina gharama zaidi ya bando.